Sigara Mbili Kwenye Mkebe wa Nyuki

Hii stori nasema mwenyewe kabla mtu mwingine aiseme: mjinga hapa ni mimi, nyuki hazina makosa.

Mimi na babu yangu, Guka, tuliacha sigara siku moja. Nesi wa dispensari alimwambia kifua imechoka, akiendelea kuvuta hatafika mbali, na Guka (kichwa ngumu huyo) akajibu ataacha kama Njeru ataacha. Njeru ni mimi. So nikawa naacha sigara yangu na ya mzee pamoja, nikianguka tunaanguka wawili. Nyanya yangu, Cucu, kila asubuhi alikuwa ananusa vidole vyetu kama mtu anachagua samaki, na akina mama wa kanisa wanatuombea kila Alhamisi.

Miezi miwili ikaisha. Cucu akaita hao akina mama hapa kwetu Kiambere tushukuru, chai ya asali, na sisi wawili tukatumwa kwa mizinga.

Guka akafungua mzinga, akarudi nyumbani kuchukua kisu amesahau. Mimi, nimevaa koti nzito ya kutoa asali, nikaingiza mkono mfukoni, nikashika sigara mbili za zamani. Ningezitupa chooni, si ndio? Lakini nesi alisema tusiweke sigara mdomoni, na mkebe wa moshi, ule tunawashia mavi kavu ya ng'ombe ndio nyuki zitulie, si mdomo. (Nilifika darasa la nane tu lakini hapo niliona nimeshinda wakili.) Nikazipasua, nikachanganya na mavi, nikawasha, nikasimama upande moshi inaenda.

Guka akarudi. Pua ikaenda juu.

"Njeru, hii mavi ni ya ng'ombe gani?"

"Ya ile ya madoadoa, Guka."

"Imekula vizuri."

Na akasogea. Nilifaa kupiga huo mkebe teke, najua, lakini mzee alishainama, amefunga macho kama mtu anaombewa, na mimi nikainama upande ile ingine ndio asikae peke yake, tukawa vichwa viwili juu ya mkebe moja, moshi yote tunamaliza sisi, mzinga uko wazi, nyuki zinangoja yao haifiki.

Hapo ndio Cucu alitokea na akina mama wakiimba, wanataka kuona asali ikitoka. Wimbo ikakatika.

"Mnafanya nini?" Cucu akauliza polepole.

"Tunatoa asali," Guka akasema, na hakuinua kichwa.

Nyuki zikakuja. Hazikuuliza nani ameokoka. Mwenyekiti wa akina mama alipita kwa seng'enge kama haiko, mwingine alijifunika na sufuria ya chai (ilikuwa na chai), na mimi nilikuwa nimeshafika jikoni nikasikia kikohozi. Guka alikuwa ameshika mti, hawezi kukimbia, hewa imekataa kuingia. Nikarudi nikambeba mgongoni, nyuki zinatushona wote wawili, na yeye anakohoa kwa shingo yangu, na saa hiyo sikuwa nacheka.

Dispensari tulijaa benchi nzima, nyuso kama maandazi. Nesi akasikiliza kifua ya Guka muda mrefu sana, akasema leo amepona kwa bahati, halafu akauliza hiyo moshi ilikuwa na nini. Nikainua mkono kama mtoto wa shule, nikasema yote mbele ya akina mama, hata ile maneno yangu ya mkebe si mdomo. Mmoja akasema, "Na mimi nilifunga kula kwa ajili ya huyu." Cucu aliangalia ukuta.

Siku hizi hiyo koti haina mifuko, niliikata mwenyewe, na nikishikwa na hamu naenda kwa Cucu namwambia, ananipa jembe.

Lakini kitu ilinimaliza ni Guka, tukiwa bado hapo benchi, mdomo yake imefura mpaka maneno inatoka moja moja.

"Mimi hutaka sigara kila asubuhi," aliniambia. "Nilikuwa nanyamaza, nikidhani wewe ulishasahau."