Masharubu ya Shangazi Yaliyogoma Kufutika

Chekeni taratibu jamani, kidonda bado kibichi. Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo, na kompyuta ya dukani ina picha za mishono yote anayowaonyesha wateja. Zikipotea, biashara imelala. Kompyuta ilipoanza kujikokota, nikajitolea kuiwekea Linux mpya, yaani ule mfumo unaoiendesha kompyuta. Mimi, fundi wa kidato cha tatu!

"Na picha zangu je?" akauliza.

"Shangazi, mafaili yako yana sehemu yake peke yake. Ni kama nyumba. Nakarabati sebule tu, chumbani siingii."

Kabla ya kuanza, nikachukua picha ya Shangazi, nikamchorea masharubu, nikaiweka iwe inatokea kompyuta ikiwaka, ili nimchekeshe rafiki yangu Juma. Tukacheka hadi machozi, na wala sikuitoa. Si Linux mpya itafagia sebule yote?

Nikaweka Linux, sehemu ya mafaili sikuigusa. Shangazi akaja na mteja wake wa Ilala, nikawasha kwa madaha. Kumbe mapambo ya skrini nayo hukaa kulekule kwenye mafaili! Shangazi akajaa skrini nzima, masharubu yamesokotwa kama ya mgambo.

Mteja akaziba mdomo. Shangazi akanisukuma pembeni, akafungua picha zake za mishono moja moja. Zote zipo. Akashusha pumzi, akatabasamu, nami nikaanza kupona. Kisha akairudia ile picha yake kwenye skrini.

"Kazi umeiweza, mwanangu. Sasa haya masharubu, nayo yalikuwa chumbani kwangu?"