Pelagia Nyangi, Aliyewavua Soksi Wagonjwa wa Figo

Pelagia Nyangi aliingia duniani mwezi Machi mwaka 1970 katika kitongoji cha Mwitongo, Butiama, mtoto wa tano wa mkulima wa mtama. Nyota haikuonekana, wala nyuki hawakutua mdomoni mwake. Mama yake alisimuliaga tu kwamba mtoto alilia sana, na alipokua ikawa zamu ya kuwaliza wengine. Akiwa na miaka kumi na saba aliomba utawa. Masista walikaa naye miezi minane, wakamrudisha kwao na barua iliyosema ana moyo mzuri na mdomo mbaya. Vyote viwili alivitunza hadi kufa.

Alisomea uuguzi, akatumika Bunda miaka ishirini na mmoja, na mwaka 2018 akahamishiwa Musoma kwenye kitengo cha kusafisha damu. Huko ndiko wito wake ulikomkuta, nao ulikuja kwa aibu. Kulikuwa na mkulima wa pamba aitwaye Shija, mgonjwa wa figo na sukari, mtu nadhifu wa viatu vya kamba. Miezi saba Pelagia alimwunganisha na mashine, akaangalia mkono, sindano na presha, akamtania, akamletea chai. Shija alipofariki, Pelagia ndiye aliyeuosha mwili. Alipovuta soksi ya kulia, vidole viwili vilibaki ndani ya soksi. Mishipa ya mguu ilikuwa imeziba siku nyingi, na wauguzi wote walikuwa wanatazama mkono.

Tangu siku hiyo aliweka sheria: hakuna kuunganishwa na mashine kabla ya kuvua viatu na soksi. Alipiga magoti mbele ya kila kiti, akapapasa kama mguu una joto, akatazama katikati ya vidole, kisha akabonyeza vidole vyake viwili juu ya mguu kutafuta mapigo. Watu wazima waliona haya.

"Sista, tumekuja kusafishwa damu au kuchumbiwa?" aliuliza Bernado Mugeta, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba.

"Kwa miguu hii, mzee, nani akuchumbie? Vua."

Wakamwita Mama Soksi. Aliitika.

Mwezi Machi 2022 mguu wa kulia wa Bernado ulikuwa wa baridi, na Pelagia hakupata mapigo. Alimwandikia apelekwe kwenye kipimo cha mishipa. Lakini nyumbani kwa Bernado dada yake Adventina alimhurumia kwa namna wavuvi wanavyohurumiana wanapotoka ziwani wanatetemeka: alikaanga mchanga, akaumimina kwenye mfuko wa unga, akaufunga mguuni. Bernado hakusikia kitu, maana sukari ilishaua hisia. Mguu uliiva kama kiazi.

"Sisi tulikuwaga tunapasha hivyo tangu babu," Adventina alilia.

"Babu alikuwa na damu mguuni," alisema Pelagia. "Mguu wa namna hii haupashwi. Unafunguliwa njia."

Daktari aliyekuwa zamu alitazama kidonda, akaamua mguu ukatwe chini ya goti. Pelagia alimwambia kwamba Mwanza wapo wanaopitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa na kupanua palipoziba.

"Sista, huyu ni mtu wa figo. Tukimfungulia mshipa, ataishi miaka mingapi?"

"Na wewe mwenye figo mbili, daktari, utaishi mingapi?"

Alipiga simu siku nne, akapata nafasi ya upasuaji na ya mashine hukohuko. Bernado asafishwe damu Jumatano, afike Mwanza Alhamisi kabla ya saa sita. Alhamisi hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu, kesho yake Ijumaa Kuu. Pelagia aliomba gari la parokia kwa Enos Magesa, mwenyekiti wa walei.

"Mama, gari linabeba wale kumi na wawili watakaooshwa miguu na padri jioni, kama mitume."

"Miguu yao si mizima?"

"Mizima kabisa. Wameshaisugua na kuipaka mafuta, ndiyo maana hatutaki watembee kwenye vumbi."

Pelagia na Bernado walipanda basi, basi likachelewa, wakafika saa tisa. Orodha ilikuwa imefungwa, sikukuu ikaanza. Mshipa ulifunguliwa Jumanne, na damu ikashuka hadi kisigino. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekufa tangu Jumamosi, vikakatwa. Kisigino kilipona. Bernado akarudi Musoma akitembea.

Kwa wema huo Pelagia alipewa barua ya onyo kwa kutoroka kazini, akahamishiwa mapokezi. Kwenye mashine watu wakarudia kukaa na soksi zao, na mwaka haukuisha kabla wawili hawajapoteza miguu. Tarehe 9 Novemba 2023 kiharusi kilimwangusha akiwa kwenye kiti cha mapokezi, na usiku huo akafa. Siku ya maziko gari la parokia lilipatikana. Lilikuwa limeoshwa, likang'aa, na Enos alikaa mbele.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Waamini ndio wamelitangulia: wanachota udongo wa kaburi lake Mwitongo na kupaka vidonda. Bernado akiwaona hukasirika. "Udongo kwenye kidonda? Mama mwenyewe angewachapa!" Mtu akitaja muujiza wa kisigino chake, hujibu kwamba laiti wangefika Alhamisi kabla ya saa sita angekuwa na muujiza wa vidole.

Picha ya Pelagia imetundikwa kitengoni, na wagonjwa huigusa wakipita. Mwezi Juni uliopita Bernado aliamka na mguu wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukiwa wa baridi. Alifika kwenye kiti chake, akavua kiatu, akamwita muuguzi mpya, binti aitwaye Mihayo.

"Mwanangu, shika hapa juu. Tafuta mapigo."

Mihayo alisita, akaangalia ukutani. "Babu, Mama Soksi yupo pale, anakuombea."

"Anaomba, sawa. Lakini picha haina vidole, mwanangu. Wewe unavyo."

Mihayo alipiga magoti. Alibonyeza, akasogeza, akabonyeza tena, akafumba macho. Mapigo hayakuwepo. Aliinuka, akaenda kupiga simu Mwanza, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu, si sikukuu. Anayetaka kumwiga Pelagia Nyangi aanzie hapo, magotini, kabla mguu haujawa mweusi.