Nilivyong'oa Ulezi Nikayaacha Magugu

Mdogo wangu, iko siku moja ninayoikumbuka kwa mikono kuliko kwa kichwa. Vidole vyangu bado vinausikia umande wa asubuhi ile, udongo mwekundu wa Kemambo ulioingia chini ya kucha, na miche midogo iliyokuwa ikitoka ardhini kwa urahisi, mmoja baada ya mwingine, bila kunisumbua hata kidogo. Ningejua kwamba urahisi ule ndio unaoniangamiza, ningesimama. Sikusimama. Nilikuwa na shahada, na nilikuwa nimechoka.

Vijana wa kanisa letu waliponiomba niwaandikie ninyi mnaorudi nyumbani kutoka vyuoni, nilikaa siku nne nikijiuliza nina haki gani. Nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sina hata mvi moja. Tena Bibi Wegesa, ambaye maneno yake ndiyo nitakayokupa, yu hai na angeweza kuyasema mwenyewe. Lakini nilipomwendea alicheka, akasema aliyekanywa hukumbuka vizuri kuliko aliyekanya. Basi nimeshika kalamu. Nitakuita mdogo wangu, kwa sababu "mwanangu" ni neno lake yeye, na utalisikia kutoka kwake.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu nyumbani tangu nimalize masomo ya ualimu. Baadhi ya wenzangu walikuwa wamekwenda mgodini Kewanja kutafuta vibarua. Mimi nilibaki, kwa sababu baba alishafariki na mama alikuwa amepata kiharusi; mkono wake wa kulia haukuweza tena kushika jembe. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, mahindi yetu yakakauka kabla hayajabeba. Kilichobaki kilikuwa kipande cha ulezi nyuma ya nyumba, kama nusu eka. Mama alikitazama siku moja akasema, bila kupandisha sauti, kwamba tukikikosa hicho, tutakula kwa kuomba hadi msimu mwingine. Uji wake wa asubuhi, ugali wetu wa jioni na mbegu ya mwakani, vyote vilikuwa mle.

Nami sikuwa nalala. Nilikuwa najilaza, hilo ndilo neno sahihi, kisha mawazo yanaanza kazi yao. Kama nisingechagua ualimu. Kama ningejaza wilaya nyingine kwenye maombi ya kazi. Kama siku ile ya kiharusi ningembebea mama ndoo ya maji. Kukipambazuka napanda kichuguu kilichoko upande wa juu wa nyumba yetu kutafuta mtandao, nione kama majina ya walioitwa kazini yametoka. Nikishuka, napanda tena, kwa kuwa pengine nilisoma vibaya. Wazee husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi nilikuwa nimeshafika ukingoni na bado nakimbia.

Usidhani nilikuwa nimemwacha Mungu. La, nilisali sana, tena kwa ratiba. Nilifunga Jumatano na Ijumaa, na nilipoona kimya, nikaongeza Jumatatu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila nilichoomba, na kila jioni nililipitia kuona jibu gani limechelewa. Wakati ule niliamini hiyo ndiyo bidii katika imani. Leo nikilikumbuka lile daftari naona haya, ingawa bado ninalo na bado sijaamua kama nilichome.

Pale kwetu akina mama wa kanisa hupalilia kwa zamu. Leo wote wako kwa huyu, kesho kutwa wako kwa yule, na mwenye shamba huwapikia uji. Zamu yetu ilipangwa Alhamisi. Jumanne Bibi Wegesa, kiongozi wao, alipita kumjulia mama hali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinishika kidevu na kunigeuza uso kwenye mwanga, kama mtu anayechunguza jicho la ndama mgonjwa. Akaniambia nile, nilale, na shamba nilisubirie watu wake. Nikajibu, "Ndiyo, bibi."

Moyoni nilikuwa nimekataa. Niliona aibu wanawake wenye wajukuu waje kuinama kwenye shamba la nyumba yenye msichana mwenye nguvu na cheti kwenye bahasha. Watu wangesema nini? Kwa kweli walikuwa hawasemi kitu, lakini mimi nilishawasemea yote. Nikaamua kulimaliza shamba mwenyewe kabla ya Alhamisi. Nikajiambia kwamba imani ni kutenda, na Mungu akiona nimetenda, naye atatenda.

Kama umekulia mjini, kuna jambo ulielewe hapa. Ulezi mchanga una ndugu yake wa mwituni, gugu linalofanana nao. Vinaota pamoja, vina kimo kimoja, na ukiwa umesimama huwezi kuvitofautisha. Bibi zetu huvitofautisha kwa vidole. Gugu lile shina lake huku chini ni bapa na jeupe, na ukilivuta hung'ang'ania udongo kama ndama aliyekataa kuachishwa ziwa. Ulezi shina lake limejaa kidogo, na ukiuvuta unakufuata tu. Nilifundishwa haya nikiwa darasa la pili. Nilikuwa nayajua kabisa.

Jumatano, siku yangu ya kufunga, niliingia shambani alfajiri bila kuonja kitu, baada ya kuomba kwa muda mrefu. Nilipalilia kwa haraka ya ajabu. Nilifurahi kuona kazi inakwenda, rundo linakua, mistari inabaki misafi nyuma yangu. Mawazo yalikuwa mbali, kwenye yale majina, na mikono ilikuwa inachagua yenyewe. Mikono iliyochoka, mdogo wangu, ina akili yake. Palipokuwa na ubishi iliachia, palipokuwa laini ilivuta.

Kwenye saa nne mama alikuja na mkongojo wake. Alisimama kando ya rundo. Kisha akainama kwa shida, akaokota mche mmoja kwenye rundo, akaugusa shina kwa kidole gumba cha mkono ule mzima.

"Bhoke," akasema, "huu ni ulezi."

Niligeuka kutazama mistari niliyoiacha. Ilikuwa imenyooka, imetifuliwa vizuri, na kilichosimama ndani yake kilikuwa magugu matupu. Karibu nusu ya shamba.

Mama hakunigombeza. Alirudi ndani akajilaza, akageukia ukutani. Afadhali angenipiga.

Alhamisi akina mama walifika na majembe yao. Nilitamani kujificha, lakini mwenye shamba hajifichi. Mama Marwa, jirani yetu ambaye utani haumwishi, alizunguka akakagua mistari yangu mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Mwalimu huyu ametulelea magugu vizuri," akasema. "Tungojee yakomae, tuyapikie uji wa harusi yake."

Wakacheka, nami nikaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha miaka mitatu. Mama Marwa akaacha utani, akaja kunishika bega. Bibi Wegesa hakuja. Aliniacha nilie mpaka kilio kikapungua, ndipo akauliza.

"Umelala lini mara ya mwisho?"

"Sikumbuki, bibi."

"Jumanne nilikuambia nini?"

"Nilale."

"Ukafanya nini?"

"Niliomba, kisha nikaja shambani."

Alikaa chini pale pale kwenye udongo, akanyoosha miguu yake kama mtu mwenye siku nzima ya kuzungumza.

"Mwanangu," akasema, "wewe humwombi Mungu. Wewe unamsimamia. Umesimama nyuma yake kama msimamizi wa vibarua, unaangalia kama ameinama, kama jembe limegusa udongo. Ukimwona kimya unamnyang'anya jembe. Haya, umelima. Tazama."

Nilitazama.

Akaagiza mkeka utoke ndani. Akautandika mwenyewe kando ya ua wa mkonge, mahali penye kivuli kidogo, akanipa bakuli la uji akanitazama nikinywa lote. Kisha akasema kazi yangu siku hiyo ni kulala. Mdogo wangu, wewe ni wa huku, unajua aibu yake. Mtu mzima, asiye mgonjwa wala mzazi wa jana, alale mchana kweupe huku wakubwa zake wanafanya kazi kwenye shamba lake, tena kazi ya kurekebisha kosa lake! Nilimwambia siwezi, ni heri anipe shimo nichimbe.

"Yesu mwenyewe alilala chomboni," akasema, "dhoruba inapiga na wanaume wazima wanapiga kelele. Wewe Bhoke wa Kemambo ni nani ushindwe kulala kwenye ulezi?"

Nikajilaza. Nilijifunika uso kwa kitenge nisiwaone. Niliwasikia wakigawana mistari, nikasikia majembe yakigusa mawe madogo, nikamsikia Mama Marwa akilalamika kwamba mgongo wake hauna shahada. Kila jembe liliposhuka niliona kama linanichimba mimi. Nilitafuta maneno ya kuomba, yale marefu niliyoyazoea, nikakuta hayapo. Nilichoweza kusema kilikuwa kifupi kuliko sala zote nilizowahi kusali. Nilisema, Bwana, nimeshindwa, na shamba ni lako. Kisha sikumbuki tena.

Niliamka alasiri. Walikuwa wamekwisha kung'oa magugu yote. Ulezi una wema mmoja, kwamba ukiwa mchanga hukubali kuhamishwa. Walikuwa wamepunguza miche mahali ilipobanana, kwenye ile nusu ambayo sikuigusa, wakaipanda mmoja mmoja kwenye mistari yangu mitupu. Wakateka maji mtoni kwa ndoo, wakaupa kila mche kikombe kimoja. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati yao, akiwachambulia miche kwa mkono wake mmoja. Kuvunjika kwa koleo, wanasema, si mwisho wa uhunzi.

Kabla hajaondoka, Bibi Wegesa alinipa amri ya pili. Nisikanyage shambani, wala kichuguuni, mpaka Jumapili baada ya ibada. Akina mama wangemwagilia kwa zamu. Nilimuuliza, na kama miche ikifa? Akasema ikifa itakufa hata kama mimi nimesimama naitazama, na ikipona itapona nikiwa nimelala. Siku zile tatu zilikuwa ngumu kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya. Lakini nililala. Ijumaa nililala kidogo, Jumamosi nililala zaidi, na Jumapili nilikaa kanisani nikagundua kwamba nimesikiliza mahubiri mpaka mwisho bila kupanga chochote kichwani.

Jumatatu yalinyesha manyunyu, hayakuwa mvua ya kusimulia. Miche mingine ilikufa. Mingi ilishika. Tulivuna pungufu ya miaka mizuri, sitakudanganya, lakini uji wa mama haukukatika hata asubuhi moja mpaka msimu uliofuata, na mbegu tulibakiza. Hatukuomba kwa mtu.

Hilo ndilo lililonipata, mdogo wangu, na sasa nikuambie ninachotaka ulishike.

Utarudi nyumbani na cheti chako, na huenda miaka ikapita kabla jina lako halijaitwa. Utachoka, na mtu aliyechoka hung'oa kile kinachong'oka kirahisi. Ibada ya Jumapili hung'oka kirahisi. Kula na kulala hung'oka kirahisi. Kucheka na mama yako, kupokea simu ya rafiki, kushukuru kwa siku iliyopita salama, vyote hivyo ukivivuta vinakufuata tu. Wasiwasi hauko hivyo, una mizizi inayoshika udongo, nawe ukishachoka utauacha usimame, tena utautifulia vizuri. Kwa hiyo ukijiona hujalala wiki nzima, using'oe chochote. Usiache kanisa, usivunje uchumba, usikatae msaada, usiamue kwamba Mungu amekusahau. Hayo si maamuzi ya siku hiyo. Kula kwanza, lala, kisha shika shina kwa vidole uone ni la ulezi au la gugu.

Na ukiomba, omba, halafu mwachie jembe. Kumtegemea Mungu si uvivu. Wale akina mama walimtegemea na mikono yao ilikuwa na sugu. Lakini walijua wapi kazi yao inaishia. Na usione aibu watu wa zamu wakija. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mara nyingi majibu ya maombi hufika yamevaa kanga, yameshika jembe, na yana utani mkali.

Huenda unataka kujua kama niliajiriwa. Bado. Ninajitolea kufundisha katika shule moja ya Mugumu, na wanafunzi wangu wananiita mwalimu bila kuniuliza barua ya ajira. Naamka nikiwa na wasiwasi siku nyingine, sitasema umeisha. Ila siutifulii tena. Aliyetushika mwaka ule hajatuachia, na sioni sababu ya kuamini atatuachia mwaka huu.

Mungu asiyehitaji kusimamiwa akupe usingizi kabla hajakupa kazi. Akuletee watu wa zamu ambao hukuwaita, na akupe unyenyekevu wa kuwatandikia mkeka na, ikibidi, wa kuulalia wewe. Mikono yako ijue kuchagua hata macho yakiwa mazito. Na kile kitakachobaki shambani mwako, kiwe kingi au nusu, kikutoshe wewe na yule aliye ndani anayekungojea. Amina.