Anayemtafutia Mjane Mwaka Wake

Saa moja na nusu asubuhi, milango ya maktaba haijafunguliwa kwa wasomaji, lakini Mama Kadi amepiga magoti ukumbini, khanga kaifunga kiunoni, anapekua rundo la magazeti ya zamani yaliyojalidiwa. Saa sita lori la kiwanda cha maboksi litakuja kuyazoa yote yakasagwe.

Anatafuta jalada moja la kijani. Majalada yako mia tatu na ushee.

"Nikilikosa, yule mama mwenzangu nimempotezea mwaka wake," anasema bila kuinua uso.

Mama Kadi, mwenye miaka hamsini na minane, aliingia hapa kama mpika chai baada ya kufiwa na mumewe. Alisoma hadi darasa la saba tu, ila hati yake ilinyooka kama uzi, na watu wanaotunga kamusi humu maktabani wakamwona. Wakampa neno moja, mjane. Alitafute katika magazeti na majarida yote ya zamani, kila sentensi lilimotajwa ainakili kwenye kadi, na chini aandike tarehe. Kadi isiyo na tarehe hutupwa.

Miaka miwili sasa, kadi mia sita na kumi. Karibu zote ni za namna moja: mjane wa marehemu fulani amehudhuria, mjane wa marehemu fulani anashukuru.

"Kila mahali yuko nyuma ya jina la mume, kama mkia," anasema. "Nikawa najiuliza, hawa wanawake walikuwa hawali? Hawafanyi kazi?"

Ndipo mwezi uliopita alipokutana na tangazo dogo kwenye kona ya ukurasa: *Mjane, fundi wa viatu, hupokea kazi nyumbani kwake, mlango wa nyuma. Viatu vya harusi havicheleweshwi.* Alilisoma mara tatu, akamshukuru Mungu, akalinakili. Kona yenye tarehe ilikuwa imechanika, kwa hiyo aliandika mwaka ulioko mgongoni mwa jalada.

Jana, wakinywa chai, wifi yake anayeshona majalada chumba cha pili alimtonya.

"Hayo ya kijani usiyaamini, wifi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa bahili wa kitambaa. Mwaka ukiwa mwembamba, magazeti machache, anaushonea ndani ya mwenzake, mgongoni anaandika mwaka mmoja tu."

"Na wewe miaka yote hiyo umenyamaza?"

"Uliniuliza lini? Wewe na wajane wako mkishakaa, nani awaingilie?"

Usingizi ulimpaa. Alfajiri, baada ya kusali, alimpigia simu mhariri wa kamusi. Mhariri akacheka. "Mama, acha huo mwaka ulioandika. Nani atakwenda kuhakiki?"

"Mungu anajua kusoma, Mwalimu," alimjibu.

Saa nne na nusu, chini kabisa ya rundo, jalada linapatikana. Anafunua kurasa mbele, anafunua nyuma. Ukurasa unaofuata una tarehe nzima. Fundi viatu alitangaza kazi mwaka mmoja kabla ya ule ulioandikwa.

Anasahihisha kadi. Hatabasamu. Amekwishakumbuka kwamba alinakili kadi tisini na nne kutoka majalada ya kijani, na yako mengine kumi na mawili humu rundoni.

Lori linapiga honi kabla ya saa yake. Wapakiaji wanaingia wakikunja mikono ya mashati.

"Wanangu, anzeni na hayo mekundu," anawaambia, kisha anamgeukia wifi yake aliyesimama mlangoni. "Na wewe usinisimamie kama mgeni wa arusi. Piga goti."

Wifi anapiga goti.

Mpango wake ni kuyanusuru yote kumi na mawili leo, ayapeleke kwenye chumba cha wifi, halafu arudie kadi zote tisini na nne, moja baada ya moja.

"Kuanza upya hakunitishi," anasema, akivuta jalada jingine. "Nimeanza upya tangu siku nilipozika."