Faili ya Villads

Ragnhild Overgaard alikuwa na baridi yabisi iliyompinda vidole, na ni yeye tu katika mji wetu aliyebaki akiweza kusoma mwandiko wa kale bila kukwama. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiichapia hifadhi ya historia barua za watu wa wilaya yetu ya Thy waliohamia Amerika. Kaka yake Villads, aliyeishi naye nyumba moja, alimtengenezea vifupisho vya kupumzisha vidole: abonyeze herufi mbili, sentensi nzima itokee. Vilikuwa mamia.

Villads alifariki mwezi Machi. Aprili ukaanza ujumbe. Kila Ragnhild akiwasha kompyuta, programu ya kuandikia inafunguka na kumwambia kwamba kuna faili haipatikani. Anabonyeza Sawa, ujumbe unatoweka. Kesho yake uko palepale. Na vifupisho vyote vimekufa.

Aliniita mimi kwa kuwa nilitengeneza redio za meli miaka thelathini. Niliifuta programu nikaiweka upya. Ujumbe ukarudi. Nikajaribu hiki na kile siku tatu, nikinywa kahawa yake.

“Preben, kama umeshindwa sema tu,” aliniambia. “Si lazima umalize mkebe wangu wa kahawa kwanza.”

Nikamwambia bado, ingawa nilikuwa nimeshindwa tangu jana yake.

Siku ya nne niliusoma ujumbe ule mpaka mwisho, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo kabisa. Faili yenyewe, iliyobeba vifupisho vyote, haikuwahi kuwa ndani ya kompyuta ya Ragnhild. Ilikuwa kwenye ile ya Villads, chumba cha pili. Kila asubuhi kompyuta hii ilikuwa ikiifuata kule kwa waya uliopita ukutani. Nikamuuliza kompyuta ya kaka yake iko wapi.

“Niliipeleka kwenye taka,” akasema. “Wiki moja baada ya mazishi. Sikuweza kuiona pale mezani.”

Nilipiga simu kituo cha taka. Mtu wa huko, kwa upole kabisa, akanieleza kwamba vyombo vya umeme huondoka kila Jumatatu kwenda kusagwa. Tukapekua droo za Villads tukitafuta nakala, tukapata betri kuukuu na miwani.

Ragnhild akaniuliza kama naweza kuuondoa ujumbe. Nikamwambia naweza, ila vifupisho havitarudi.

“Basi uondoe.”

Ilinichukua dakika tatu.

Nikamshauri tuvitengeneze upya, yeye aseme, mimi niandike. Tulikaa alasiri nzima, tukapata kumi na vinne. Kisha akaificha mikono ndani ya sweta.

“Villads alikuwa anajua ninachotaka kusema,” alisema. “Wewe inabidi nikueleze. Sikulaumu, jirani. Nimechoka tu.”

Alhamisi gari la hifadhi lilikuja kuchukua maboksi ya barua, kwa kuwa Ragnhild alikuwa ameiacha kazi, matatu kati yake hayajaguswa. Mkuu wa hifadhi alimuuliza nani atazisoma barua hizo sasa, naye akajibu kwamba hajui. Nilibeba boksi la mwisho mimi mwenyewe. Niliporudi ndani nilimkuta amekaa kitandani kwa Villads, naye amevaa koti lake mwenyewe la kutokea. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, na akaniomba nikitoka nifunge mlango.