Bakwe Walioondoka na Ukuta Wangu Mgongoni

Bakwe zetu, wakwe wa upande wa mchumba wa binti yangu, waliposimama kuaga, migongo yao yote ilikuwa ya buluu ya ukuta wetu. Baba wa bwana harusi, koti lake jeusi la kanisa: buluu toka mabegani mpaka kiunoni. Mama naye vilevile. Mjomba wao mnene ndiye alibeba karibu ukuta mzima. Na kwetu mukwe haguswi mwilini, hata nge akimtembelea. Bibi yangu wa ndoa akabaki na kitambaa mkononi, mimi nikatazama mawingu. Walipofika kwao, mjomba akavua koti, akatuma neno: "Nyumba yabo inatoka unga. Na mutoto je, atadumu?" Hawajarudi. Binti yangu Mireille anangoja.

Sisi wa kambi ya wafanyakazi ya Shituru hatukukuzwa hivi. Milango yetu ilipakwa rangi ya mafuta, kijani nzito, iling'aa mpaka tukachania nywele mbele yake. Mama alituona na ugali vidoleni, akapiga kelele toka jikoni: "Weye! Toa vidole vya bukari pa mulango! Ukuta si wa kushika!" Vijana wa leo wanajitazama kwenye telefone inayowafuta chunusi. Mlango wetu ulikuonyesha wewe na kamasi yako.

Nyumba moja tu ilitia aibu, ya mzee Kapya, bahili, aliyepaka nje rangi ya chumbani. Barazani, kivulini, ilibaki nzuri. Upande wa jua la jioni, kwanza mng'ao ulikufa, kisha ukuta ukaanza kutoa unga. Baba alitueleza: "Jua linakula gundi yenye kushika rangi. Gundi ikiisha, rangi inabaki yatima, inafuata kila mutu mwenye kupita." Sisi tulifurahi sana! Tulisugua viganja pale, tukapigana mihuri mgongoni, tukaingia shuleni na mikono ya watu kwenye mashati. Mama zetu walifua huku wakimlaani Kapya.

Ndiyo maana, Mireille alipopata mchumba, nilimwambia Gustave, fundi wa rangi: nataka rangi ya nje, ya kuvumilia jua. Akacheka. "Papa, miye niko fundi. Itang'aa sawa kioo." Iling'aa kweli siku ya kujitambulisha. Kisha kiangazi kizima kikapita juu yake, bakwe wakaja na mahari, wakaketi, wakaegemea. Mimi sikuwa nimegusa ule ukuta hata kidogo, mama alinifunza. Kopo la rangi ile nimelikuta kwa Gustave, amepanda pilipili ndani, limeandikwa wazi: ya chumbani.

Zamani ukuta mbaya ulitupa mchezo, na jioni shati lilifuliwa, yakaisha. Leo unanizuilia binti nyumbani. Gustave, usiniletee kopo lingine wala pole. Vaa koti lako jeusi. Uje uegemee ukuta wangu vizuri, halafu twende wote kwa bakwe. Ufike mbele ya yule mjomba, umugeuzie mgongo, na useme kwa mdomo wako nani alifanya hii.