Maji ya Kuoga ya Mama Mkwe

Nilipoacha kuchimba madini, mama mkwe alimuuliza mke wangu mwanamume asiye na shimo atamlisha nini. Nikapanda alizeti nyuma ya nyumba yetu mtaani Kikula, nikaapa kwamba siku moja atakaanga samaki kwa mafuta yangu na kunyamaza.

Kiangazi kikaja, bomba likabaki kutoa hewa tu. Nikafunika udongo kwa nyasi kavu usikauke upesi, kisha nikachimba mfereji mwembamba kutoka bafuni hadi kwenye mizizi. Kila aliyeoga alikuwa amemwagilia. Watoto wakichelewa kuchafuka, niliwatuma wakacheze mpira.

Vitumba vilipochomoza, wakati ambao alizeti ina kiu kuliko wakati wowote, mama mkwe akaja kututembelea. Nilifurahi kijinga: mwogaji mwingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa sabuni siku ile ile.

Kwetu mkwe huitwa buko, na mwanamume hatazamani na mama wa mkewe wala hawasemezani. Maneno hupitia kwa mke. Nikiwa nyuma ya uzio, nikamsikia akimuuliza binti yake kutoka bafuni:

"Hii mayi inaenda wapi?"

"Ku alizeti ya bwana yangu, mama."

"Basi buko yangu iko anangojea kule mayi ya mwili yangu?"

Akatoka mkavu. Tangu hapo akawa anaenda kuoga kwa jirani, na kabichi za jirani zikanenepa. Alizeti zangu zikalegea. Niliona aibu, halafu hasira, hasa kwa zile kabichi.

Jioni moja nilichuchumaa nikizigawia maji yangu ya kunywa kwa kikombe, huku nikiziomba msamaha kwa sauti. Nikauambia ule mmea mfupi kuliko yote kwamba ukifa, mimi narudi shimoni. Ghafla maji yakaja mferejini, mengi, yenye povu. Nikageuka haraka nikautazama ukuta wa nyumba, kama heshima inavyotaka.

"Buko," ikaita sauti kutoka nyuma ya mabati ya bafu. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunisemesha. "Mayi inafika?"

"Inafika, mama," nikauambia ukuta.

"Ata kwa ule mufupi?"

"Ule bado, mama."

Nikasikia ndoo ikiburutwa.

"Ngoja basi. Nitanawa tena."